Oili Kwenye Rejeta

Jumamosi, 2 Machi

Gari imefika, na mvua imefika nayo. Mama muuza dawa aliyeniuzia aliileta mwenyewe mpaka uani, akanikabidhi ufunguo chini ya mwavuli. "Itunze," akasema. "Kitinda mimba wangu alizaliwa kwenye kiti cha nyuma." Nilidhani anatania, kumbe la.

Baba alitoka kuiona. Ni muda hajavuka baraza, magoti yamemgomea, lakini leo alikamata fremu yake ya kutembelea akaja nayo matopeni, anasukuma, anapumzika, anasukuma. Akaniamuru nifungue boneti niwashe, akatega sikio kama mtu anayesikilizia habari kwenye redio mbovu. Baba aliendesha malori ya masafa maisha yake yote. Madereva wenzake walimwita Gia Tano.

"Injini inaongea vizuri," akasema. "Lakini gari kuukuu haikai bila oili ya akiba. Kanunue galoni moja, uiweke stoo."

Sijamwambia bado kwa nini nimenunua gari.

Jumapili, 3 Machi

Nimemwambia. Nilisubiri amalize chai.

Nilimweleza kwamba idara ya maji inafungua mtambo mpya wa kusafisha maji upande wa pili wa mlima, mvua zikiisha, na kwamba maabara yake nimepewa mimi niisimamie. Basi haziendi huko. Wafanyakazi wanapewa chumba. Nitakuwa naondoka Jumapili jioni, narudi Ijumaa. Jirani yetu, yule mjane tunayepakana naye ukuta, amekubali kuhamia hapa siku ambazo sipo.

Baba alikizungusha kikombe mezani. "Hongera, mama," akasema. Kisha akauliza, "Huo mlima, lami imefika mpaka juu?"

Nikasema imefika.

"Haya."

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Nguo hazikauki.

Jumamosi, 9 Machi

Kaka kapiga simu. Yuko mbali na ana familia, sentensi zake zote huanzia hapo. "Mdogo wangu, sisi tuko mbali na tuna familia. Wewe ndiye uliyepo." Nikamwambia sitakuwepo tena siku za kazi. Akacheka, akafikiri ni maneno ya hasira. Kisha akauliza Baba anaendeleaje, nikampa Baba simu aulizwe mwenyewe.

Mama alipofariki nilikuja nyumbani hapa na sanduku la nguo za wiki moja. Sanduku lile sasa linatunza viatu vya Baba.

Jumamosi, 16 Machi

Leo nimeupanda mlima kwa mara ya kwanza. Mikono ilinitoka jasho kwenye kona, lakini gari ilivuta bila kulalamika na mshale wa joto ulikaa katikati. Nimeuona mtambo: matangi mapya, vioo vya maabara bado vina karatasi za kiwandani. Nimeonyeshwa chumba changu. Kina dirisha moja na kitanda kimoja, na ukuta wake hakuna anayeugonga.

Hapa nyumbani Baba akitaka kitu hugonga ukuta kwa fimbo. Mara moja ni maji, mara mbili ni choo, mara nyingi ni upweke.

Niliporudi aliuliza habari za gari kwa undani: ilipanda kwa gia ya ngapi, mshale ulisimama wapi, breki zilinuka? Hakuuliza habari za chumba.

Jumamosi, 23 Machi

Nimetoka sokoni mshale umepanda kuliko kawaida. Nikaiacha ipoe, kisha nikafungua tangi dogo la maji ya rejeta. Yale maji ya kijani hayapo. Ndani mna uji wa kahawia, mzito, unateleza vidoleni, rangi ya chai iliyozidi maziwa.

Nikachovya kijiko nikampelekea Baba barazani. Akausugua ule uji kwa kidole gumba, akaunusa.

"Oili imeingia kwenye maji," akasema. "Gasketi ya silinda hedi imeungua. Pole, mama. Umeuziwa ugonjwa."

"Lakini wiki iliyopita ilipanda mlima vizuri."

"Ndio huo mlima uliomaliza kazi. Gari hii ya kwenda sokoni. Si ya safari."

Alisema kwa upole kabisa, kama daktari.

Jumatatu, 25 Machi

Nimempelekea gari fundi anayeitwa Taratibu, gereji ya nyuma ya ghala la mbao. Jina amelipata kwa sababu ndilo neno lake, na kwa sababu ndiyo kasi yake. Alichomoa dipstiki akaifuta, akaichovya tena, akaitazama kwenye mwanga. Oili ya injini nyeusi, safi kwa maana ya kutokuwa na maji. Akageuza kifuniko cha oili: hakuna utando mweupe.

"Taratibu, dada," akasema. "Oili imeingia kwenye maji, lakini maji hayajaingia kwenye oili. Gasketi ikiungua, mara nyingi vinatembeleana. Mimi naanza na kipoza oili. Pale oili na maji vinapita jirani, ukuta kati yao ni mwembamba. Mpira wake ukichoka, oili inasukumwa upande wa maji, maana ndiyo yenye nguvu."

"Baba anasema gasketi."

"Baba ni fundi?"

"Dereva wa malori."

"Basi amewahi kuona nyingi. Hata gasketi inawezekana. Lakini tuanze na kidogo."

Jumatano, 27 Machi

Mvua imeingia gereji, mabati yanavuja. Kazi imesimama.

Ijumaa, 29 Machi

Nilipita dukani kwa muuza dawa. Nilikusudia kumuuliza tu, lakini nilipomkuta anacheka na wateja, damu ilinipanda. Nikamwambia mbele yao wote kwamba ameniuzia gari iliyokufa akaipaka rangi. Nikamwambia na mengine. Akasema, "Dada, mimi gari ile nilimpeleka nayo mama yangu hospitali mpaka siku ya mwisho. Ingekuwa mbovu ningeipanda?" Nikatoka.

Nilipomsimulia Baba, aliitazama mvua. "Usingemwendea," akasema. "Yaliyopita yamepita." Nikamwona mtu wa kusamehe.

Jumamosi, 6 Aprili

Gari imerudi. Kipoza oili kina mpira mpya. Taratibu aliusafisha mfumo wa maji kwa sabuni ya unga, akamwaga, akarudia, mpaka maji yakatoka meupe, kisha akajaza yale ya kijani. Baba aliomba kuona. Alitazama tangi kwa muda, akasema, "Amejitahidi. Tuombe Mungu."

Alhamisi, 11 Aprili

Nimeshona mapazia ya chumba cha mlimani. Baba amegonga ukuta mchana kutwa, anasema jirani, ingawa nilikuwa kazini.

Jumapili, 14 Aprili

Uji umerudi.

Niliwasha gari niende kanisani, ikazunguka mtaa, mshale ukaanza kupanda. Nikageuza. Nikafungua boneti, nikakaa chini palepale kwenye matope na gauni langu. Baba aliniona toka barazani. Akasema, "Nilisema, mama. Gasketi." Akaongeza, "Ingia ndani, utashikwa na homa."

Niliingia ndani. Niko ndani. Mvua inapiga bati, simu za kazini zinauliza nitahamia lini. Nyumba hii ina milango miwili na leo yote miwili naiona kama picha za milango.

Ijumaa, 19 Aprili

Taratibu ameipima gari kama mgonjwa wa kulazwa. Nilikuwepo, niliomba ruhusa kazini.

Alipima mgandamizo wa kila silinda: zote ziko sawa. Akafunga pampu ya mkono kwenye rejeta, akaupandisha msukumo, akaenda kula. Aliporudi mshale wa pampu ulikuwa palepale. Kisha akaweka juu ya tangi chupa yenye maji ya buluu, akawasha injini. "Moshi wa injini ukipenya kwenye maji, hii inageuka njano," akasema. Tukaitazama wote wawili, tumeinama kama tunaosoma gazeti moja. Ilibaki buluu.

"Gia je?" nikauliza. "Oili ya gia nayo inapozwa kwenye rejeta."

"Hiyo ni nyekundu. Hapa sijaona wekundu." Alijifuta mikono muda mrefu. "Dada, gari hii haina ugonjwa."

"Na uji?"

"Ndiyo hapo sielewi." Akasafisha tena mfumo, akaiendesha mwenyewe mpaka uani kwetu, akaizima. "Sasa usiiwashe. Hata kidogo. Kila asubuhi fungua tangi utazame, uniambie. Injini ikiwa imelala, pampu ya oili imelala. Oili haina mguu wa kutembea yenyewe."

Jumamosi, 20 Aprili

Kijani, safi.

Jumapili, 21 Aprili

Kijani, safi. Mvua imepumua kidogo, nimeanika mashuka.

Jumatatu, 22 Aprili

Safi.

Jumatano, 24 Aprili

Jana sikutazama, nilichelewa kazini. Leo asubuhi nimefungua tangi. Juu ya maji ya kijani palikuwa na tabaka la oili, limetulia, halijachanganyika na chochote. Ufunguo ulikuwa kwenye msumari wake jikoni. Gari haikuwashwa tangu Ijumaa.

Nilivuta kidogo kwa bomba la sindano, nikaitia kwenye chupa ya sampuli, nikaenda nayo kazini. Sikuhitaji kipimo chochote. Niliiweka dirishani nikaitazama. Oili ya injini yangu ni nyeusi, nimeiona kwenye dipstiki mara ngapi. Hii ilikuwa ya dhahabu, inapitisha mwanga. Oili mpya ya galoni.

Adhuhuri nikampelekea Taratibu. Aliishika chupa akaielekeza juani, akanirudishia. Hakunitazama usoni.

"Hii haijawahi kuingia kwenye injini," akasema. "Imemiminwa. Mchana nyumbani anabaki nani, dada?"

Nikamwambia anabaki Baba.

Alinyanyua spana, akaiweka chini. "Basi mimi kazi yangu imeisha," akasema. "Sitakudai kwa hii."

Nilirudi nyumbani kwa njia ndefu. Stoo, galoni ilikuwa mahali pake, nyuma ya ndoo. Nikainyanyua. Nilipoinunua ilinivuta mkono. Leo ilipanda upesi.

Baba alikuwa barazani. "Shikamoo, Baba," nikasema. "Marahaba, mama. Umelowa." Akaniuliza kama gari imetazamwa leo. Nikasema bado.

Nimepika, nimempa dawa, nimemkanda magoti. Magoti haya. Nimeyakanda nikiyawazia: kushuka ngazi ya baraza, uani, mpaka garini, kufungua mlango, kuinama kuvuta wenzo wa boneti, kuinyanyua boneti kwa mkono mmoja na mwingine umeshika fremu. Galoni aliibebaje? Kila hatua lazima ilimuuma. Alifanya hivyo zaidi ya mara moja.

Nataka kuandika kwamba nimekasirika, na nimekasirika. Lakini muda wote namwona pale uani, peke yake, mvua inamnyeshea, anafunga kifuniko kwa uangalifu asije akakiharibu.

Alhamisi, 25 Aprili

Nimeondoka na ufunguo.

Ijumaa, 26 Aprili

Baba hajauliza ufunguo uko wapi. Msumari uko mbele ya kiti chake cha jikoni, hawezi kukosa kuuona. Jioni tulikula. Alisema chumvi imezidi. Haikuzidi.

Jumatatu, 29 Aprili

Mvua siku nzima. Hajagonga ukuta hata mara moja. Nilikuwa naomba ukimya huu miaka, na sasa naamka kwenda kutega sikio mlangoni kwake.

Kila neno lake la zamani nalirudia. "Pole, mama." "Tuombe Mungu." "Ingia ndani, utashikwa na homa." Sijui lipi lilikuwa kweli. Nadhani yote yalikuwa kweli, na hapo ndipo ninapokwama.

Jumatano, 1 Mei

Sikukuu. Sote wawili nyumbani, mvua imetufungia tangu alfajiri. Nilikuwa nachambua mchele mezani. Baba akaja na fremu yake, akaketi mbele yangu, akaanza kuchambua naye. Vidole vyake bado vina wepesi.

"Ufunguo unao wewe," akasema.

"Ninao."

"Fundi wako si mjinga."

"Si mjinga, Baba."

Akatoa jiwe, akaliweka pembeni. "Ningeweza kutia mchanga kwenye oili. Injini ingekufa siku hiyohiyo. Au sukari kwenye tangi la petroli. Njia ni nyingi." Alisema bila kujisifu, kama anayetaja barabara. "Oili kwenye rejeta inatisha, lakini haiui haraka. Inasafishika. Sikutaka kuiua gari yako."

"Ulitaka kuniua mimi, basi," nikasema. Sikupanga kusema hivyo. "Nilimtukana yule mama dukani kwake. Mbele za watu. Na wewe ulikaa pale ukaniambia yaliyopita yamepita."

Akatoa jiwe jingine. Mvua ikaongea peke yake.

"Miaka yangu yote nilikuwa naondoka mimi," akasema hatimaye. "Nikitazama kioo cha pembeni, namwona mama yako kwenye lango, anakuwa mdogo, mdogo, mpaka kona. Nilifikiri mimi ndiye ninayeteseka, maana njia ni ndefu na usingizi ni adui. Sikuwahi kujua upande wa langoni ukoje. Siku uliyoupanda mlima nikaujua. Ulichelewa kurudi. Nikakaa pale barazani nikasema, hapana. Hili siliwezi."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia nini? Baki? Ungebaki. Ningekuwa nimekuomba na wewe ungenikubalia, halafu tungekaa humu tunachukiana kwa adabu. Gari ikiharibika, si kosa la mtu."

Nilimaliza kuchambua mchele. Nikauosha, nikaubandika. Alibaki mezani, kichwa chini, na nikaona kwa mara ya kwanza jinsi shingo yake ilivyokonda.

"Nitaondoka, Baba," nikasema nikiwa jikoni, bila kugeuka.

"Najua."

"Na jirani atakuja."

"Jirani anakoroma, namsikia kwa ukuta." Kisha akasema, "Nipigie simu kwa kaka yako."

Nikampigia, nikampa simu. Kaka akaanza, nilimsikia, sisi tuko mbali na tuna familia. Baba akamkata. "Mimi ni nani, kama si familia? Dada yako anaondoka. Njoo uniangalie kwa zamu, mwezi huu wewe, mwezi ule mkeo, mtakavyopanga. Usipokuja nitapanda basi nije mimi, na magoti haya, nikalale sebuleni kwako." Akanirudishia simu. Jasho lilimtoka.

Sijamsamehe. Nimeandika ili nisijidanganye baadaye. Lakini nilimkanda magoti, na nilimkanda vizuri.

Jumamosi, 4 Mei

Nimekwenda dukani kwa muuza dawa. Nilisubiri mpaka wateja wajae, maana niliyoyasema yalisemwa mbele za watu. Nikamwambia kwamba gari ilikuwa nzima, kosa lilitokea nyumbani kwangu, naomba radhi. Aliendelea kuhesabu vidonge vya mgonjwa. Akamaliza, akafunga bahasha. "Nimekusikia," akasema. Hakusema amenisamehe. Mteja mmoja alinisogezea nafasi nipite.

Jumanne, 7 Mei

Taratibu amesafisha mfumo kwa mara ya mwisho. Alimsalimia Baba kwa heshima, wakaongea habari za malori ya zamani saa nzima. Hakuna aliyetaja oili.

Jumamosi, 11 Mei

Kaka amefika na begi dogo, analalamika matope. Baba amemwonyesha fimbo na ukuta, akamfundisha alama. Kaka ananitazama kwa macho ya mtu aliyeamshwa. "Ulikuwa unafanya haya yote peke yako?" akauliza. Nikamwambia sufuria ya uji iko rafu ya chini.

Jumapili, 12 Mei

Nimeondoka leo. Mvua ilikuwa manyunyu tu. Baba alikataa kukaa kitini. Alisimama kwenye fremu, nje ya baraza, Kaka amemshikia mwavuli.

Nilishuka tena garini kumuaga kwa mara ya pili. Alinishika kifundo cha mkono, akasema, "Kwenye mteremko usikanyage breki muda wote. Tumia gia." Nikasema nitatumia gia. Hakuachia mkono. Kaka ikabidi ajifanye anatazama kwa jirani.

Jumatatu, 13 Mei

Niko chumbani kwangu. Mapazia yamekuwa mafupi, nilipima vibaya. Hakuna aliyegonga ukuta. Niliamka kabla ya kengele ya simu, nikalala nikisubiri, sijui nikisubiri nini.

Kabla ya kwenda maabara nilifungua boneti. Injini ilikuwa baridi. Nikazungusha kifuniko cha tangi taratibu, nikainama nikachungulia. Maji yalikuwa ya kijani, safi, yanaonyesha mpaka chini. Nikachovya kidole, nikakisugua kwa kingine. Hakikuteleza.

Nikabaki pale nimeinama, mfanyakazi mmoja akapita akaniuliza kama gari ina shida. Nikamwambia haina. Nilikuwa nimetumaini nikute oili.